Sahani Haikurudi Tupu

Stroberi za dukani Kijakazi hakuzitaka. Alizigeuza ndani ya vikasha vyake vya plastiki, akazinusa, akasema zinanuka friji, akazirudisha. Kwa keki ya chai ya nyumbani angezichukua bila ya neno. Hii ilikuwa keki ya kwenda Great Barr, upande wa pili wa mji, kwa Bi Rehana, na Bi Rehana ndiye mama yake Faisal, na Faisal ndiye aliyekuwa amuoe Aida wake. Kwa mkwe hupeleki tunda lililolala.

Simu ilipigwa katikati ya wiki. Bi Rehana alisema Jumapili ana wageni, watu wazima, wanatoka Leicester, na anaomba afanyiwe ile keki ya matunda mabichi aliyoletewa Idi, ambayo watu waliigombania. Hakusema wageni wanakuja kwa jambo gani. Kijakazi naye hakuuliza, maana kwao Makunduchi mama wa binti haulizi. Wazee wa upande wa mume wakikusanyika, upande wa mke unapeleka kitu kitamu, unakaa kimya, unangoja. Alipoiweka simu moyo ulikuwa unamwenda mbio kama wa msichana. Watu wazima, kutoka mbali, siku ya Jumapili. Kama hawaji kupanga siku ya harusi, wanakuja kwa kitu gani chengine?

Mambo yenyewe yalianzia ukumbini, miaka miwili nyuma, kwenye harusi ya watu wengine. Mbele ya wanawake wa meza nzima Bi Rehana alimshika Aida mkono, akavua bangili yake ya dhahabu, akamvisha. "Huyu wangu," alisema, "mtu asinigusie." Vigelegele vikapigwa. Tangu siku hiyo walikuja watu wawili kumuulizia Aida, mmoja wao kijana wa Kipemba, mwalimu wa hesabu, mwenye adabu zake, na wote Kijakazi aliwajibu kwamba mtoto ana mwenyewe. Yule mwalimu ameshaoa, ana mtoto. Aida alikuwa anaikimbilia ishirini na saba, na wanawake wa darsa walikuwa wameanza kuuliza "bado tu?" kwa ile sauti ya huruma ambayo afadhali mtu akutukane.

Wala haikuwa ndoa ya Aida peke yake. Mkubwa, mume wa Kijakazi, alikuwa dereva wa ghala la vyakula la mzee Haidari, na Haidari ndiye mume wa Bi Rehana. Nyumba waliyokuwa wakiishi huku ugenini, pale mtaa wa Hodge Hill, waliipata kwa sababu Haidari alisimama mbele ya mwenye nyumba akasema hawa watu wangu. Kila kitu chao kilipitia mkononi mwa mtu mmoja. Kijakazi alikuwa amechoka kushukuru. Alitaka mtoto wake aingie katika nyumba ile kwa mlango wa mbele, ili siku moja na yeye akae kwenye kochi la Bi Rehana, aletewe chai, aseme sukari imezidi.

*

Jumamosi walikwenda shambani, nje ya mji, kwenye mashamba ambayo watu hujichumia matunda wenyewe kisha wakalipa mlangoni. Mkubwa aliomba gari la kazini, akapewa, akaambiwa alirudishe mapema na lisiwe na matope.

Jua lilikuwa kali. Familia za Kizungu zilitapakaa kati ya matuta, watoto wao midomo myekundu, wanachuma moja wanakula mbili, na wazazi wao wanacheka. Aida aliinua stroberi moja kubwa, akaipeleka mdomoni.

"Hatujalipia," alisema Kijakazi.

"Mama, everyone's eating."

"Wao wamwachie Mungu wao. Hii keki ya harusi yako, siitii tunda la haramu."

Aida aliitia stroberi kwenye kikapu. Alikuwa msichana mtulivu, anafanya kazi duka la dawa, anakisikia Kiswahili chote lakini kukijibu kwa Kiingereza ndiko alikokuzoea. Aliinama akachuma tuta zima. Halafu akasema, kama anayeyaambia majani, kwamba Faisal hajampigia wiki ya tatu hii.

Kijakazi alimwambia hivyo ndivyo inavyotakiwa. Harusi ikikaribia mwanamume huona haya. Baba yake mwenyewe hakumtia machoni yeye Kijakazi mwezi mzima kabla ya nikaha. Mkubwa, aliyekuwa amesimama kwa nyuma na kikapu, alicheka akasema yeye alikuwa anakimbia deni la mahari, si haya. Walicheka wote watatu, hata Aida. Ndiyo mara ya mwisho nawasikia wakicheka pamoja katika hadithi hii, basi nimeona niwaachie.

Waliporudi jirani yao Harbhajan alikuwa bustanini kwake akimwagilia. Mzee huyu alikuwa na vichaka vya rasiberi upande wa ua uliowatenganisha, na kila kiangazi zikiiva alipitisha bakuli juu ya ua. Safari hii Kijakazi alimwambia keki ni ya nini. Mzee aliingia ndani, akatoka na bakuli kubwa zaidi, akachuma mpaka vichaka vikabaki majani. Kwa watoto wa kike, alisema, mtu habakishi.

*

Jumapili Kijakazi aliamka akaswali, akaanza kazi. Alichapa mayai na sukari mpaka yakawa meupe na mazito, akatia unga kwa mkono mwepesi, akatia iliki aliyoitwanga mwenyewe, maana ya unga ya paketi haina roho. Alichoma matabaka matatu. Jiko lilikuwa moto tangu asubuhi na madirisha ya nyumba ile hayakufunguka zaidi ya kiganja, jasho likawa linamchuruzika mpaka kwenye nyusi, akawa anajipangusa kwa bega ili lisidondoke. Keki zilipopoa alizipaka krimu, tabaka la kwanza akapanga stroberi zilizokatwa, la pili mapichi yaliyomenywa, na juu kabisa akazimwaga rasiberi za Harbhajan zikakaa kama kilemba chekundu. Kijakazi hakuwa mtu wa kujisifu, lakini alirudi nyuma hatua moja akaitazama, akasema mashaallah, asije akaitia jicho mwenyewe.

Halafu akatoa sahani. Ilikuwa sahani kubwa ya kauri yenye ukingo wa buluu, ya marehemu mama yake, iliyosafiri kutoka Makunduchi ndani ya kanga nne. Hakuwahi kuitoa nje ya nyumba.

Aida alimwambia apeleke kwenye boksi kama watu wengine. Kijakazi alimtazama kama mtu aliyesema upuuzi msikitini. Boksi hutupwa. Sahani inarudi, na kwao sahani ya mtu hairudi tupu. Ukipelekewa chakula ukairudisha sahani imeoshwa tu, umemwambia mwenzio sina haja nawe. Ukiitia kitu, hata kama ni mafungu mawili ya tende, umemwambia tuko pamoja. Bi Rehana hawezi kumjibu jambo la harusi kwa simu, ni mtu mkubwa. Atajibu kwa sahani.

"They'll just put it in the dishwasher, Mama," alisema Aida, lakini alitabasamu, akamsaidia kuifunika.

Mkubwa ndiye angempeleka, lakini alikuwa ameitwa kazini tangu asubuhi, Jumapili. Haidari alitaka viti vichukuliwe kwa mtu wa kukodisha. Kijakazi alifurahi aliposikia viti. Aliita teksi. Dereva, kijana anayeitwa Asif, alipoona keki imepakatwa aliwasha kiyoyozi mpaka mwisho na kukata kona polepole kama amebeba mgonjwa.

*

Nje ya nyumba ya Great Barr magari yalijaa njia nzima. Harufu ya udi na pilau ilimpokea Kijakazi barabarani. Alikwenda mlango wa mbele, keki kifuani, na kabla hajabonyeza kengele mlango wa ubavuni, wa jikoni, ukafunguliwa.

"Kijakazi! Huku, huku," aliita Bi Rehana.

Miaka miwili Bi Rehana alikuwa akimwita mkwe. Jina la Kijakazi alipewa na bibi yake, kwa sababu ndugu zake waliomtangulia walikufa wachanga, na mtoto akiitwa jina la unyonge kifo humdharau kikampita. Kwao ni jina la kuokolewa. Kwa Bi Rehana, mtu wa mjini, lilikuwa jina la mtu wa mlango wa jikoni, na alilitamka hivyo. Kijakazi alilisikia, likamchoma, akajiambia mtu ana shughuli nyingi.

Bi Rehana aliipokea sahani kwa mikono miwili. Alikuwa amevaa nguo nzito ya dhahabu na hina mbichi mpaka viwiko. Akaifunua keki, na kwa muda mdogo uso wake ukawa wa mtu anayeona kitu kizuri tu. "Wallahi una mkono," alisema.

Kijakazi aliuliza kama Aida aje kusaidia kuandaa. Aliambiwa hapana, hapana, wasaidizi wamo tele. Alingoja kidogo. Alikuwa na kiu, na kwa desturi mtu aliyeleta kitu huambiwa ingia, hata kama kwa mdomo tu, na yeye hukataa, huombwa tena, ndipo akaondoka. Alikuwa na jibu lake la kukataa tayari. Bi Rehana alisema, "Haya basi, umechoka, nenda kapumzike," akafunga mlango.

Akiwa anatoka Kijakazi alimwona Mkubwa uani, viti viwili vyenye utepe mweupe kila mkono. Alimpungia. Mkubwa alimwona, akageuza uso, akaenda na viti vyake nyuma ya nyumba. Kijakazi akasema moyoni, maskini, anaona haya kuitwa kupanga harusi ya mwanawe.

Jikoni, dada yake Bi Rehana aliyekuwa akipanga vikombe aliuliza, "Si mama yake yule msichana?"

"Ndiye."

"Na anajua?"

"Atajua," alisema Bi Rehana, akiisogeza keki isipigwe na jua. "Sasa keki kama hii ningeipata wapi, na kiangazi hiki kila mpishi ana shughuli?"

Nikaha ilifungwa baada ya adhuhuri. Bibi harusi alikuwa binti wa Jaffar wa Leicester, mtu mwenye maduka, ambaye tangu majira ya baridi alikuwa akiagiza bidhaa pamoja na Haidari. Hakuwa msichana mbaya, na hakuna aliyemwambia kitu. Baada ya dua wakaletewa keki wakate. Faisal aliijua. Aliijua sahani pia, kwa sababu asubuhi ile ile Aida alimtumia picha ya mama yake ameinama juu ya keki, uso umejaa unga, na maneno: she's so happy. Picha aliiona na hakujibu. Alikawia kuingiza kisu na watu wakacheka, wakasema bwana harusi kaingiwa na woga. Halafu bibi harusi akamlisha kipande chenye stroberi, naye akafungua mdomo akala.

Mkubwa aliyaona yote kupitia dirisha la uani. Haidari alikuwa amemwambia asubuhi, kwa upole, mkono begani: haya mambo Mungu kayapanga, wewe ni mtu wangu, nikisikia kelele kutoka kwako na mkeo, sijui kama tutaweza kuendelea kufanya kazi pamoja. Alipokuwa akipakia viti Mkubwa alikuwa na simu mfukoni, na mke wake alikuwa bado nyumbani hajaita teksi. Aliitoa simu, akaitazama, akairudisha. Baadaye alijiambia chaji ilikuwa ndogo. Chaji haikuwa ndogo.

*

Siku ile Kijakazi alimuuliza kulikuwaje, na Mkubwa akasema watu walikuwa wengi, akaenda kulala. Kijakazi hakumsumbua. Alikuwa anaingoja sahani.

Jumatatu jioni ilirudi. Mkubwa ndiye aliyeileta. Bi Rehana aliipeleka ghalani kwa gari lake, akampa mkononi, akamwambia mpelekee mama Aida, mwambie wageni wameisifu sana. Mwanamume yule aliendesha gari kutoka ghalani, Newtown, mpaka Hodge Hill na sahani ile kwenye kiti cha pembeni, ameifunga mkanda. Aliingia nayo akaiweka mezani. Kijakazi aliifunua.

Ilikuwa imejaa. Halua ya Oman, ile nyekundu yenye lozi, visheti vilivyokolea sukari, tende zilizotiwa lozi kati, na vipakiti vidogo vya pipi nyeupe kama lulu vilivyofungwa utepe mweupe.

Kijakazi aliweka mkono mdomoni. Halafu akapiga kigelegele, peke yake, katikati ya jiko, mpaka Aida akateremka ngazi mbio.

"Mama Aida," alisema Mkubwa. "Kaa kwanza."

"Nikae? Nimekaa miaka miwili!"

Alikata kipande cha halua akamlisha Aida kwa mkono wake, kama wanavyolishwa maharusi. Aida alikula, akacheka akilia, kwa sababu na yeye alikuwa ameogopa wiki tatu na sasa hofu ilikuwa inamtoka. Kijakazi akampigia dada yake Makunduchi, akamwelezea sahani kitu kimoja kimoja, na dada yake huko akaita majirani. Akajaza bakuli akapitisha juu ya ua kwa Harbhajan, akamwambia limekubaliwa. Mzee alikunja mikono kifuani akainamisha kichwa, machozi yakimlenga. Mkubwa alikaa kwenye kiti chake na koti la kazi mwilini. Kijakazi alimletea halua kwenye kisahani. Hakuigusa.

Alikuwa na nafasi ya kusema kabla ya Makunduchi. Alikuwa na nafasi kabla ya Harbhajan. Nampa udhuru wake wote, woga, kazi, nyumba, na bado najua kwamba mtu mwenye mdomo alikaa akamwangalia mkewe anajidhalilisha mbele ya mtaa mzima, akasubiri jambo lijiseme lenyewe.

Lilijisema kwenye simu ya Aida. Rafiki yake wa kazini, ambaye ana jamaa Leicester, alimtumia video bila ya maneno, chini yake alama ya kuuliza tu. Aida aliitazama amesimama. Kisha akaiweka simu mezani mbele ya mama yake, taratibu, kama anayeweka kitu cha moto.

Kijakazi hakuwa na miwani. Alisogea, akaona meza, maua, halafu akaona rasiberi. Uso ukamchanua.

"Hee! Keki yangu hiyo," alisema. "Tazama ilivyokaa. Haikuanguka hata kidogo."

Aliendelea kutazama, akitabasamu, mkono ulioshika kisu ukaingia, na juu yake mkono mwengine wenye hina ya harusi, kisha Faisal kwenye joho, kisha msichana asiyemjua. Tabasamu lilichelewa kuondoka. Lilikuwa limebaki usoni kwake wakati macho yameshaelewa, na Aida hakuweza kuvumilia kuliona, akaigeuza simu kifudifudi.

"Baba," alisema Aida. "You were there."

"Nilibeba viti," alisema Mkubwa.

"You knew, and you let me eat it."

Alikwenda kwenye sinki akajitia kidole kooni. Halua ilishatelemka zamani, haikutoka kitu ila mate. Kijakazi hakupiga kelele. Alimuuliza mumewe tangu lini, akaambiwa tangu jana asubuhi. Aliuliza kama alipompungia mkono pale uani alikuwa anajua. Mkubwa alitikisa kichwa kukubali, akaanza kusema habari za Haidari na kazi na nyumba, na mkewe akainua mkono kumnyamazisha.

"Umeniletea harusi ya mwenzangu kwa mikono yako," alisema, "ukakaa pale ukaniangalia ninavyoila. Kwa nini hukuimwaga njiani?"

Mkubwa alisema hakufikiri. Na hilo, kwa masikitiko, lilikuwa kweli. Aliambiwa peleka, akapeleka, kama alivyopeleka magunia miaka kumi na moja.

Asubuhi Harbhajan aligonga mlango na boksi la mithai, peremende zao za maziwa, pamoja na shali jekundu alilonunua mkewe alipokuwa hai, la kumpa bibi harusi. Kijakazi alipokea boksi na shali, akasema asante, akafunga mlango, akakaa chini ya ngazi navyo mapajani.

*

Bi Rehana alipiga Alhamisi. Kijakazi alikuwa akiosha vyombo, akabonyeza spika kwa kiwiko kabla hajaona jina, na ndiyo maana Aida, aliyekuwa mezani, na Mkubwa, aliyekuwa anafunga viatu mlangoni, walisikia kila neno.

Alianza kwa kuuliza hali. Alisema amesikia kwamba kuna maneno Makunduchi, kwamba Aida kaposwa, na Jaffar ni mtu wa heshima, hapendi kusikia maneno kama hayo juu ya mkwewe, kwa hiyo Kijakazi awapigie watu wake awaambie walisikia vibaya. Alisema yeye Aida anampenda kama mwanawe. Ndoa ni riziki, na riziki haigombewi. Vijana wenyewe walikuwa hawajaandikiana kitu. Ile siku ukumbini ilikuwa furaha tu ya wanawake.

"Ulimvisha bangili," alisema Kijakazi.

"Enhe, umenikumbusha. Ilikuwa ya marehemu mama. Nnataka mke wa Faisal aivae siku ya walima. Ndiyo hasa nilichopigia, hicho na keki."

"Keki gani?"

"Ya walima. Watu wa Leicester hawasemi kitu isipokuwa ile keki, mama yake msichana kashika hapo hapo, lazima iwe ile ile. Matunda bado yapo? Karamu ni Jumamosi ijayo, ukumbini. Wala safari hii usione haya, nitakulipa kama ninavyomlipa mpishi yeyote. Mkubwa atakuja kuichukua na gari, na bangili umpe humo humo."

Miaka miwili Kijakazi alipika kwa ajili ya nyumba ile, sambusa za Ramadhani, mikate ya kumimina, keki za Idi, na hakupokea hata shilingi, kwa sababu mkwe halipwi. Sasa alikuwa analipwa. Hakuna tusi ambalo Bi Rehana angeweza kulichagua likafika ndani zaidi, na la kusikitisha ni kwamba hakulichagua. Alidhani anafanya ihsani.

Aida alisimama. "Mama, put the phone down," alisema. "Mwambie hapana." Aliyasema kwa Kiswahili yale maneno mawili, na kwa sauti, ili yafike upande wa pili.

Halafu Bi Rehana akauliza, bila ya hasira yoyote, "Mkubwa yupo hapo? Maana mzee alikuwa anamuuliza habari za mkataba wa nyumba."

Kijakazi alimtazama mumewe. Kamba ya kiatu kimoja ilikuwa haijafungwa. Mkubwa hakuinua kichwa, lakini vidole vyake vilisimama juu ya ile kamba, vikawa vinangoja.

Aida naye aliona. Alisogea kwenye sinki bila ya kumtazama mtu, akauingiza mkono kwenye maji ya mama yake, akamimina sabuni ya vyombo juu ya bangili, akaanza kuivuta. Mkono ulikuwa umenenepa tangu siku ile ya ukumbini. Bangili ilifika kwenye mfupa wa kidole gumba ikakwama, ngozi ikakunjana ikawa nyekundu, na yeye akaendelea kuvuta, meno ameyauma, mpaka ikatoka. Aliiweka kwenye sahani yenye ukingo wa buluu iliyokuwa imeoshwa na kuegeshwa pale ikauke, ikalia ndani yake.

Kijakazi alijipangusa mikono kwa kanga. Alijipangusa muda mrefu, kila kidole.

"Ya watu wangapi, Bi Rehana?" akauliza.